Kabula na Gunia la Pamba Fifi

Nilifunga safari kwa sababu ya kufuli. Kila alipokwenda shamba, Mama Kabula alimfungia ndani binti yake, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, aliyekuwa mzito wa kuelewa na mwepesi wa kupotea. "Nifanyeje, mwalimu?" aliniuliza. Miaka ile ya sabini nilifundisha elimu ya watu wazima Shinyanga, na nikishika jambo sibanduki. Nilimwahidi nitampatia Kabula kazi, hata ya kujitolea, msimu ule ule.

Alfajiri tulipanda lori kwenda Kishapu, kwa shangazi yake. Kabula aliwaamkia shikamoo abiria wote, hata mtoto wa mgongoni. Watu walicheka, naye akacheka kuwapita.

Saa nne tulianza kubisha hodi Kishapu. Fundi cherehani alikataa. Mwenye hoteli alisema atavunjiwa vikombe. Nilikasirika, lakini sikugeuka nyuma.

Saa saba tulifika ghala la pamba. Mtunza ghala, Mzee Masanja, alimwambia Kabula ahesabu magunia.

"Moja, mbili, tano, mbili."

"Mwalimu, huyu hawezi," akasema mzee.

Tulipokuwa tukibishana, Kabula alikaa kando ya gunia lililo wazi, akaanza kuchambua. Pamba safi aliiweka kulia. Yenye madoa, ile tunayoiita fifi, kushoto. Rundo la kushoto likazidi kukua.

"Gunia la nani hili?" nikauliza.

Mzee Masanja alikohoa. "Langu. Nimelipitisha mwenyewe asubuhi. Safi kabisa."

"Chafu," akasema Kabula, bila kuinua macho.

Wakulima kwenye foleni waliangua kicheko. Mzee aliikagua fifi ile, mwisho akacheka na yeye. "Haya, ng'wana wane, mwanangu, njoo kesho. Ila uanze na magunia ya wengine!"

Nilimwuliza Kabula amejifunzia wapi.

"Mama ananifungia na pamba," akajibu.

Nilimwacha kwa shangazi, nikarudi jioni na aibu yangu. Kutwa nzima nilikuwa nimewaeleza watu asichoweza. Anachoweza sikuwahi kumwuliza.

Mama Kabula aliponiona nashuka peke yangu, alishika kichwa. "Mwanangu yuko wapi?"

"Kwa shangazi yake. Kesho asubuhi yuko kazini."

Machozi yakamtoka. Tangu siku ile, kila aliyeuliza habari za Kabula, na hata asiyeuliza, mama yake alimwambia, "Yuko kazini."