Kuku Niliyempeleka Kanisani

Ilianza Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, nikiwa darasa la nne. Saa naikumbuka kwa sababu nilitumwa kuiangalia ukutani kwa Mama Rukia, maana baba alikuwa ameahidi kupiga simu saa kumi.

Mpaka leo, nikisikia harufu ya manyoya ya kuku yakimwagiwa maji ya moto, natoka jikoni. Niko kidato cha nne sasa. Wenzangu bwenini wanasema ni kinyaa, nami nawaacha waseme. Ninyi nitawaambia.

Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Ikonda wiki ya tatu, baba yuko naye. Mimi nilibaki Makambako na bibi, aliyetoka Matembwe kuja kunitunza. Tulikuwa wapangaji katika ua wa Mama Rukia, Mwislamu mzaliwa wa Kondoa, mke wa dereva wa lori.

"Baba yako kapiga mapema," Mama Rukia aliniambia nilipofika mlangoni. "Wiki nzima mama hataki kula, leo kaomba mwenyewe supu ya kuku wa kienyeji!"

Akaingia bandani, akatoka na mtetea wa madoadoa, akamfunga mguu kwa kipande cha kanga nyekundu. "Mpe bibi. Mwambie ni sadaka, asinishukuru. Baba yako mdogo ataondoka na supu kwenda Ikonda Jumatatu alfajiri."

Sasa, kesho yake ilikuwa Jumapili ya mavuno. Kanisani kwetu siku hiyo kila mtoto hupita mbele na kitu mkononi: mahindi, maharage, mayai. Ibada ikiisha, vitu vyote hupigwa mnada nje. Mwaka uliotangulia nilipita mikono mitupu, na Eliza, mtoto wa mzee wa kanisa, akasema, "Upendo kaleta vidole." Benchi zima likacheka. Mimi ni mtu wa aibu. Kicheko kile nilikaa nacho mwaka mzima.

Miguu ilimsumbua bibi, akanituma peke yangu na mahindi mawili. Nikapitia bandani, bibi alikomweka kuku asubiri kuchinjwa jioni, nikamficha ndani ya sweta.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri Mungu akipewa kuku atamponya mama. Nilifikiri hivyo, ndiyo, lakini baadaye, njiani. Wa kwanza niliyemfikiria alikuwa Eliza.

Nilipopita mbele na kuku, watu waliguna kwa mshangao. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani. Mnadani mzee wa kanisa akamwinua kuku juu: "Mtetea huyu, wa binti mdogo mwenye moyo mkubwa! Nani?" Aliyemchukua ni Rashidi, kijana wa Mama Rukia, ambaye Jumapili zote hununua kuku wa makanisani awapeleke hotelini. Nikajificha nyuma ya kwaya.

Nyumbani nikasema kuku kaliwa na kicheche.

"Kicheche wa mchana? Si huwinda usiku?" bibi akauliza. Akachukua ungo, akaanza kupepeta ulezi. Jumatatu baba mdogo akaondoka na chupa ya uji wa ulezi.

Mama alifariki Jumanne. Baba alitusimulia msibani kwamba mama aliulowesha ulimi tu kwa uji ule, akasema, "Nilisubiri supu."

Mama Rukia alikuja na sufuria ya wali. Bibi akamshika mikono, akamsalimu kwa kilugha chetu. "Kamwene, mama. Tusamehe, yule kuku wako kicheche alimla."

Mama Rukia akanitazama. Jumapili jioni, Rashidi aliposhusha kuku wake, yeye mama mtu alikuwa amekiona kile kipande cha kanga mguuni mwa mmoja wao. "Kicheche hana haya," akasema, akaendelea kupakua.

Tulipoanua matanga aliniita tukachote maji. Bombani akasema taratibu, bila kuniangalia: "Maalimu wetu Kondoa alitufundisha, sadaka imetoka kwenye neno la Kiarabu la ukweli. Kusadiki ni ndugu yake. Nilikuwa nikimwambia mama yako nampenda. Ndiyo nikatoa kuku, nisiwe nimesema mdomoni tu. Wewe ulimwambia nini Mungu?"

Maji yakafurika ndoo.

"Bibi yako simwambii," akasema. "Hilo la kusema si langu."

Kwa miaka mingi niliamini nilimuua mama. Nimekua, nimesoma, najua supu isingeutibu ugonjwa ule. Ila najua pia kwamba alisubiri. Siku mbili mama yangu aliangalia mlango wa wodi akisubiri kitu ambacho mimi nilikuwa nimekitoa ili nisichekwe. Hilo hakuna kitabu kilichoniondolea.

Asubuhi iliyofuata, baada ya yale ya bombani, nilimkuta bibi jikoni, akipuliza moto. Nikasimama mlangoni mpaka miguu ikapata baridi.

"Bibi, si kicheche. Ni mimi."

Hakugeuka. Alipuliza moto hata ulipokwisha kuwaka. Kisha akasogea, akaniachia nusu ya kigoda, nikakaa.