Nilivyopima kisima cha babu kule Mwamkulu, na shida ya kuhamisha zizi

Wakuu, heshima kwenu. Hii nimeikalia muda mrefu. Sina picha ya kuwaonyesha, ila ilitokea mbele ya macho yangu na nitaisema ilivyokuwa.

Miaka ya tisini nilimaliza chuo, kozi ya jiolojia. Ajira hakuna. Nikarudi nyumbani Mwamkulu, nje kidogo ya Mpanda. Sisi ni Wasukuma tuliohamia huko na ng'ombe.

Nilikuwa mbishi kweli. Ukiniambia mvua inakuja, nakuuliza umejuaje.

Nilimkuta dada yangu Kabula ana mtoto ambaye hata kutambaa bado. Anaharisha, anapona, anaharisha tena. Shingo imekuwa ya kifaranga. Maji ya uji wake yalitoka kwenye kisima cha nyumbani, alichochimba marehemu babu.

Nikasema tukiangalie kisima.

"Mume wangu, usianze," bibi akanijibu. (Kwetu bibi na mjukuu hutaniana hivyo.) "Hayo maji ng'ombe wanayagombea. Mtoni hawanywi hivyo. Na ng'ombe hadanganyi."

Nikajiuliza: ng'ombe hupenda nini? Chumvi. Sasa mbona visima vya jirani havina chumvi?

Kupima kama maji ya ardhini ni rahisi kuchafuka siyo uchawi. Unauliza water table, yaani usawa wa maji ya ardhini, iko kina gani, udongo unapitisha maji haraka kiasi gani, na juu yake kuna nini. Kwetu maji yalikuwa karibu, udongo wa kichanga, na juu ya mteremko kuna zizi.

Nikachimba shimo katikati ya zizi na kisima. Kichanga mpaka kwenye maji. Nikachota mchanga wa chini, nikampa bibi anuse.

Alinusa. Akanusa tena.

"Hili ni zizi," akasema.

"Ndiyo, bibi. Ng'ombe wanafuata chumvi ya mkojo wao wenyewe. Ukichemsha uji unaua vijidudu, ila hiyo chumvi haiondoki, na tumbo la mtoto haliiwezi."

"Basi zizi lihame leo," Kabula akasema.

Bibi akakaa chini, machozi yanamtoka.

Wakuu, kwa desturi yetu mwenye kaya huzikwa zizini. Babu alikuwa mle, chini ya kwato.

"Nilimlaza na ng'ombe wake," bibi akasema. "Nikiwatoa, asubuhi atasikia nini?"

Chuo hawakutufundisha hilo. Nikakaa naye pale chini.

Ndani mtoto akalia. Bibi akainuka, akamchukua, akamweka begani na kuingia naye zizini. Tukamsikia anaongea.

"Mzee, kitukuu wako anakunywa mkojo. Wewe mwenyewe ulikuwa unanywesha watoto kwanza, ng'ombe baadaye. Nawatoa. Usinikasirikie."

Zizi likahamia chini ya mteremko. Maji ya kunywa tukafuata pampu ya kijiji, mbali kweli, mpaka tulipochimba kisima kipya upande wa juu.

Mtoto alinenepa mpaka Kabula akalalamika mgongo. Siwezi kuapa ni maji peke yake. Maabara sikuwa nayo.

Ila kila jioni bibi alimleta ng'ombe mmoja pale kwa babu, akamkamua polepole huku anampa mzee habari za siku. Nani kaoa, nani kagombana na nani.

Kabula akaninong'oneza, "Na huyu je?"

Nikapiga hesabu kichwani: udongo, mvua, kina.

"Huyo mmoja ardhi inammudu," nikamwambia. "Mwache."

Nilichojifunza: udongo ni rahisi kupima. Kabla hujamwambia mtu ahamishe zizi lake, muulize kwanza ana nani pale.

Na nyie wenye visima, pandeni mteremko mkaangalie juu yake kuna nini. Choo? Shimo la taka? Zizi? Semeni mlichokuta, na mlimwambiaje mwenye nacho. Wabishi wenzangu pia mnakaribishwa, nipingeni.