Sufuria Zilizolia Mchana

Siku tuliyomzika mwalimu wangu, kijiji kizima kiligonga sufuria saa nane mchana, jua likiwaka, kwa sababu ya hadithi aliyoiandika yeye.

Alinifundisha Migori, kisha akastaafu na kurudi kwao, ufukweni Homa Bay. Huko alijaza madaftari sita ya shule kwa hadithi za kutisha, zote kwa mkono. Alikuwa akinitumia daftari moja moja nizisome na kuzichapa, kisha namrudishia. La sita sikuwa nimelisoma. Nilijua tu kwamba linahusu mgodi unaowaita wachimbaji kwa majina yao.

Asubuhi ya mazishi, katekista alimfuata mjane wa mwalimu jikoni.

"Mama, hizo karatasi za shetani tuzichome kabla ya ibada."

Mjane aliendelea kuchambua mchele. "Umezisoma?"

"Mimi? Uchafu kama huo?"

"Basi utasomewa. Watu wakisema ni uchafu, kiberiti kiko hapa."

Nikapewa daftari la tano. Nilisimama chini ya turubai, nikijua kazi yote ya mwalimu iko juu ya ulimi wangu. Hadithi ilihusu nyawawa, wale pepo wanaotoka ziwani, ambao kila nyumba hugonga vyombo ili wapite bila kuingia. Watu wakasogeza viti karibu. Nilipofika pale upepo unapoinuka majini, upepo ukainuka kweli, ukapiga turubai.

Mpishi mmoja akagonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko. Mwingine akamjibu. Punde jiko zima lilikuwa likigonga, na waliokaa kwenye viti wakagonga sahani. Sauti yangu ikamezwa. Sijawahi kufurahi hivyo mazishini. Katekista naye alikuwa amesimama, kijiko mkononi, akiipiga sahani yake ya bati.

"Katekista, unamfukuza nani?" bibi mmoja akamuuliza.

"Dani, wewe gonga tu," katekista akamjibu, akimwita nyanya kwa Kijaluo.

Watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Mjane alinikabidhi mkoba wa madaftari mbele ya wote. "Yachape yote yawe kitabu," akasema.

Nilipoufungua nyumbani Migori, yalikuwa matano; la sita halikuwamo. Asubuhi ile mjane aliyaona yote sita. Katekista ameapa kwamba hakuligusa, nami namwamini.

Juzi muuza chai wa Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, aliniambia kuna mchimbaji anayewasomea wenzake wakati wa chakula. Anasoma kutoka daftari la shule, hadithi ya mgodi unaoita watu. Nilimuuliza daftari hilo limetoka wapi. Hakujua, na mchimbaji mwenyewe hataki kusema.