Karakana ya Mama Miguu

Hospitali nzima ilimwita Mama Miguu, na hata mumewe alishalizoea jina hilo. Kwa miaka ishirini na miwili alitengeneza miguu bandia katika karakana ya serikali, chumba kirefu nyuma ya maabara, chenye vumbi la plasta lililomganda mpaka kwenye kope. Mguu ulitolewa bure. Mchukuzi wa sokoni aliupata kama alivyoupata mkandarasi mwenye dereva wake, na wote walisubiri kwenye benchi moja, ingawa mkandarasi alipenda kukaa pembeni.

Siku moja ikaja barua: wizara imeelemewa, karakana itafungwa. Mama Miguu aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi.

Wiki iliyofuata akafika mkaguzi kutoka hazina, mtu mpole mwenye miwani.

"Dada, sikuja kwa ubaya. Mfuko wa serikali si kisima kisichokauka."

"Naelewa, kaka. Lakini asiye na mguu habebi mzigo, na asiyebeba mzigo mtamtoza kodi gani?"

Mkaguzi akacheka, ila hakufunga daftari. "Hujaniambia fedha zitoke wapi."

Ukweli huo ulimchoma. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza. Akafungua kabati la nyuma, mlimojaa magoti ya chuma yaliyorudishwa na jamaa za marehemu. Utaratibu ulitaka kila mgonjwa apewe goti jipya kutoka ng'ambo.

"Haya nikiyakarabati yatatembea miaka kumi mingine," alisema. "Na wenye uwezo walipe."

"Watakubali?"

"Hapo sijui, kaka. Nisikudanganye."

Wizara ikawapa mwaka mmoja wa majaribio. Mama Miguu akakonda kwa wasiwasi: matajiri wakikimbia, karakana imekwisha.

Wa kwanza kupewa habari alikuwa mkandarasi, aliyekuja kubadilishiwa mguu uliochakaa. Alikuja juu kama moto wa kifuu. "Mimi nilipe, huyu asilipe?" Alimnyooshea kidole mchukuzi aliyeketi kwenye benchi, naye mchukuzi akainamisha kichwa.

"Mzee wangu, hospitali binafsi watakutoza mara nne," Mama Miguu alimjibu taratibu. "Tena huko hutanikuta mimi."

Mkandarasi akanuna. Akalipapasa paja lake, pale mguu ulipokamata kigutu, mguu ambao haukuwahi kumchubua hata siku moja. Kisha akamwita dereva alete pochi. Baada yake wakalipa wengine, wachache wakilalamika, lakini hakuna aliyekimbia.

Mwaka ulipoisha, mkaguzi akapiga simu mwenyewe. "Dada, mnabaki. Hesabu imekaa sawa."

Mama Miguu akajitupa juu ya gunia la plasta, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Siku hiyo alirudi nyumbani mapema, mumewe akashtuka.

"Unaumwa?"

"Mzima kabisa," akasema, akavua viatu, akalala fofofo mpaka jua likazama.