Baiskeli ya Mchangani na Mahari ya Kadzo

Hii stori nimekataa kuisimulia mwaka mzima, na leo naisimulia tu kwa sababu rafiki yangu Njoroge ameshaisambaza Ruiru yote na anaisimulia vibaya, kwa hivyo afadhali muisikie kwangu mimi mwenye aibu. Lakini kwanza mjue jambo moja: ulimi wangu haujui L. Nimezaliwa Gitothua, hapa hapa Ruiru, nimelelewa na cucu, yaani nyanya yangu, na nikitaka kusema "lala" kinachotoka ni "rara", na watu wamenicheka tangu darasa la kwanza mpaka nikazoea. Sikujua kuna siku herufi moja ingenimaliza kabisa.

Kazi yangu ni kuchanganya rangi kwa duka la hardware, na miaka mitatu iliyopita akaingia mwalimu wa nasari kutoka Thika, jina lake Kadzo, anataka rangi ya bahari ya kupaka ukuta wa darasa. Nikachanganya mara tatu, akakataa mara tatu, mwishowe akaniuliza kama nishawahi kuiona bahari. Nikasema ndiyo, kwa TV. Akacheka, akavuta debe tupu akaketi, akaanza kunieleza ufuo wa kwao kaskazini ya Malindi, vile maji yakitoka mchanga unabaki mgumu, mrefu mpaka unachoka kuuangalia, na asubuhi hakuna mtu hata mmoja. Nilimpenda hapo hapo. Sikumwambia (mimi ni mtu wa kesho), tukawa marafiki wa kupigiana simu kila jioni, na kila jioni nikikata simu najiambia kesho, na kesho zikajaa miaka miwili.

Ndipo nikanunua fat bike. Kuna mwanafunzi alikuwa anamaliza chuo Juja na anauza ile baiskeli yenye matairi manene kama ya pikipiki, iliyotengenezwa kupita mchangani, na mtaa mzima ukaniuliza mchanga uko wapi Ruiru kama si ule wa lori za ujenzi. Hawakujua mpango wangu. Nilitaka kumpeleka Kadzo kwa huo ufuo wake, niendeshe naye amekaa nyuma, tufike mwisho kabisa pale hakuna mtu, nishuke, nimwambie. Kilichobaki ni kujua mahali penyewe ni wapi na maji hutoka saa ngapi. Mtu mwenye akili angemuuliza Kadzo. Mimi nikaona nitaharibu surprise, nikampigia babake.

Babake ni Mzee Katana, amestaafu, anaishi Kamenu kule Thika, na aliwahi kununua rangi kwetu akaniachia namba. Nikamwambia, na hapa neno la mwisho naliacha vile nilitamka:

"Mzee, nilikuwa nataka nikuje Jumamosi tuongee mambo ya mahari."

Akauliza, "Mahari?"

"Eeh, mahari. Kadzo ameniambia mingi, lakini nimeona nikuulize wewe mwenyewe."

"Umefanya vyema, mwanangu. Kadzo mwenyewe ajua waja?"

"Hapana, usimwambie."

"Hili si jambo la kufichwa," akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Na usije peke yako. Jambo hili mtu haji peke yake."

Sasa ndugu zangu, mnaniuliza kwa nini sikushtuka. Ningeshtuka vipi? Sisi kwetu tunasema dowry, na wazee wanasema ruracio. Hilo neno mahari nililisikia mara ya mwisho kwa mtihani wa Kiswahili, na nadhani nilifeli. Nikajua mzee anasema bahari ni hatari, nitafute mwenzangu wa kuendesha naye. Nikamchukua Njoroge, ambaye ni kinyozi na ana baiskeli ya kawaida.

Jumamosi tukaondoka tumevaa zile kaptula za kubana zenye sponji nyuma, ndizo pekee za safari ndefu, na huko nyuma nimefunga mkate mmoja na sukari kilo mbili kwa sababu mtu haendi kwa wenyewe mikono mitupu. Mvua ilikuwa imenyesha. Matairi yale manene yanachota matope na kuyarusha mgongoni, kwa hivyo tulipopita Juja nilikuwa nimepakwa kutoka kiunoni mpaka kisogoni, na Njoroge aliyekuwa nyuma yangu alikuwa amepakwa usoni.

Kufika Kamenu nikaona hema. Viti vimepangwa, wanaume watano wamevaa koti, sufuria kubwa iko motoni. Nikamnong'oneza Njoroge kwamba hapa kuna matanga, na shangazi ya Kadzo alipokuja kutupokea nikainamisha kichwa nikamwambia, "Poleni sana." Akajibu, "Tushapoa, karibuni," akapokea ule mkate na ile sukari, akaangalia nyuma yetu barabarani kuona kama kuna gari la wengine linakuja. Hakukuwa na gari.

Tukaketishwa mbele ya wale wazee na sponji zetu. Kaka mkubwa wa Mzee Katana, ambaye alikuwa ametoka Malindi kwa basi usiku wa kuamkia hiyo Jumamosi (hilo nililijua baadaye na bado linanichoma), akakohoa, akaniuliza, "Twasikia umekuja kwa jambo la mahari. Haya, wewe mwenyewe wataka iwe vipi?"

Nikafurahi kuulizwa. "Mimi si mtu wa mambo mingi, mzee. Nataka tu iwe ndefu, imetulia, haina watu wengi wa kusumbua."

"Ndefu." Akatingisha kichwa. "Yaani wataka iende kwa awamu."

"Hata kwa awamu ni sawa. Naeza anza asubuhi, nikichoka napumzika chini ya mti, halafu naendelea."

Wazee wakaangaliana. Mmoja akasema pole pole kwamba kijana anaongea kwa mafumbo, na nikaona wamevutiwa, nikaongeza, "Na isikuwe na mawe, juu tairi itapasuka."

"Tairi gani?"

Pale ndipo Mzee Katana akaelewa, kwa sababu yeye ameishi na sisi huku miaka mingi na anajua ndimi zetu. Hakukasirika. Aliinama mbele akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwangi, wasema mahali ama mahari?"

"Mahari," nikasema.

"Mahali pa kwenda?"

"Eeh, mahari ya kwenda. Na baiskeli."

Hakuna aliyecheka. Mzee akafuta uso kwa kiganja, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu amewahi kuniuliza maishani, na hakuna atakayeniuliza tena: "Basi nambie leo mbele ya hawa. Wamtaka Kadzo, ama wataka ufuo?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo miaka miwili. Njoroge alinifinya paja mpaka leo kuna alama. Lakini nikaangalia ile kaptula, nikaangalia matope, nikawaza nikisema ndiyo wataona nimerukia bahati kama mwizi, nikawaza Kadzo ataaibika kwa kuozwa na kosa la ulimi, nikajiona kama ninamwokoa. Nikasema, na hii nilitamka sawasawa bila kukosea herufi hata moja, "Hapana, hapana mzee, si Kadzo. Mimi nataka tu ufuo wa kuendesha."

Nikasikia vikombe vikigongana. Kadzo alikuwa mlangoni na sinia ya chai, amevaa gauni sijawahi kuliona, amesukwa nywele upya.

"Baba, muelekeze basi," akasema. "Ametoka mbali."

Akaja akatumiminia chai, mimi kwanza.

Na mzee akanielekeza. Alichora kwa kalamu nyuma ya bahasha, kona ya kukata, msikiti wa kupita, mnazi ulioanguka, saa za maji kutoka. Kisha wakatulisha, kwa sababu mbuzi alikuwa ashachinjwa, na Njoroge alikula. Wangenifukuza ningeshukuru.

Tukitoka, shangazi akanisindikiza mpaka langoni akaniambia, bila hasira, "Tulimuuliza Alhamisi, tukamwambia kwa simu asikuonyeshe anajua. Alisema ndiyo hata sijamaliza swali." Nikasimama pale nimeshika baiskeli. Ningerudi ndani. Mpaka leo sijui kwa nini sikurudi, najua tu nilipanda nikaondoka, na tulipofika Juja Njoroge akasema: "Boss, umepewa bibi ukaitisha mchanga."

Simu zangu hakushika tena. Baada ya miezi mitatu nikaenda huo ufuo peke yangu na ile bahasha, sijui nilitafuta nini. Ni vile alisema, wala hakuongeza chumvi. Mchanga ni mgumu, ni mrefu, na hakuna mtu. Niliendesha saa nzima huku nalia kwa sauti, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa barabara ya Thika, nikafika mwisho, nikapiga picha, nikakosa wa kumtumia.

Mwezi uliopita nikakutana naye Thika, nje ya duka la vitabu, amebeba makaratasi ya watoto. Akanisalimia vizuri tu.

"Ulifika?"

"Nilifika."

"Ni pazuri?"

Nafasi ilikuwa hiyo, iko mbele yangu, hakuna wazee, nimevaa suruali. Nikamwambia, "Ni pazuri, ila upepo ni mwingi kidogo." Akasema ndiyo, miezi hiyo upepo huwa mwingi, akavuka barabara.

Kwa hivyo nimeapa. Mtu akinisikia vibaya tena, na akanipa kitu ninachokitaka, sitamsahihisha, nitanyamaza nipokee kwa mikono miwili. Shida ni kwamba sasa watu wote wananisikia vizuri.