Sifuri za Miezi Saba

Kwa miezi saba mdogo wangu alinidanganya kwa tarakimu, na mimi nikamwamini kwa sababu tarakimu ndiyo kazi yangu. Angenidanganya kwa maneno ningemkamata siku hiyohiyo. Namjua tangu anatambaa. Lakini alinitumia sifuri kwenye simu, kila asubuhi, na mimi nikaziingiza kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, bila kuuliza swali. Sijamsamehe sawasawa, na sitajifanya nimemsamehe kwa sababu tu naandika.

Mdogo wangu ana selimundu, ndiyo hiyo sikoseli. Amezaliwa nayo, na nyumbani kwetu Chanika hakuna aliyehitaji kuelezwa ni kitu gani. Tulijua kumkanda kwa maji ya moto, tulijua kumnywesha maji hata akikataa, tulijua njia ya kumfikisha hospitali msimu wa mvua, bodaboda zinapogoma kuingia kwenye tope letu. Mimi nilikwenda kusoma hesabu nikaishia kwenye kituo cha utafiti, ambako tunatengeneza modeli za magonjwa ndani ya kompyuta. Nilipoambiwa nichague ugonjwa, sikuwaza mara mbili.

Mama aliniuliza modeli ni mdudu gani. Nikamwambia ni mwili wa kuigiza, uliojengwa kwa hesabu. Chini kabisa kuna hemoglobini, ile chembe inayobeba oksijeni kwenye damu. Ya mdogo wangu ikikosa oksijeni hushikana na nyingine na kuwa nyuzi, ndani ya muda wa kupepesa jicho. Nyuzi hizo zinaikunja seli nzima. Seli zilizokunjika zinaziba mshipa mwembamba, na hilo ni suala la dakika na saa. Mfupa unakosa damu. Juu kabisa yuko mtu mwenyewe, anayekunywa maji au kusahau, anayesimama juani, anayelala vibaya, na huko tunahesabu kwa siku. Kila ngazi ina hesabu zake, na kazi ngumu ni kuziunganisha, ili jambo lililoanza kwenye chembe lifike hadi kwa mtu anayelia kitandani.

"Na mwisho wake nini?" Mama akauliza.

Nikamwambia mwisho wake, Mungu akipenda, kompyuta itatuambia siku mbili kabla kwamba maumivu yanakuja.

"Basi fanya haraka," akasema.

Nilifanya haraka. Mdogo wangu alikubali nitumie majibu yake ya kliniki, na kila asubuhi aniandikie maumivu yake, kuanzia sifuri hadi kumi. Mwanzoni, akiwa bado anaishi nyumbani, namba zilipanda na kushuka, na modeli ikaanza kuzifuata. Kisha akapata kazi Kurasini kwa wakala wa forodha, akapanga chumba Temeke ili awe karibu na ofisi. Hapo ndipo sifuri zilipoanza.

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani kujitegemea kumemfaa. Modeli haikukubali. Majibu ya kliniki yalionyesha damu inashuka na seli zinavunjika, na kila nilipoyaingiza modeli ilisema huyu mtu anaumwa. Yeye anasema sifuri. Mtu mwenye akili timamu angekwenda Temeke kumtazama macho kama yana manjano. Mimi nilikaa ofisini nikairekebisha modeli. Nikaipanua mishipa yake kidogo, ikawa bado. Nikaipanua tena. Nikaifanya ivutike. Mwishowe mdogo wangu akawa na mishipa ambayo binadamu hajawahi kuwa nayo, modeli na sifuri vikapatana, na nikasimama mbele ya wenzangu kuwaonyesha mchoro uliolala chini, umenyooka. Walinipigia makofi. Mdogo wangu mwenyewe akaniomba nakala.

"Nichapie na mie, dada, niwe nayo."

Nilimchapia kwa rangi.

Karatasi hiyo nilikutana nayo tena Bunju. Tulikuwa tumekwenda kusikiliza jibu la posa ya mdogo wangu kwa familia yenye asili ya Kiarabu, watu wa duka, wenye heshima zao. Wanaume walikaa sebuleni, sisi wanawake chumba cha ndani, pazia katikati. Nikamsikia baba wa binti akisema wameambiwa kijana ana sikoseli, na wao wana binti mmoja tu. Mshenga wetu, ambaye ni mjomba, akakohoa. Nikasikia karatasi inakunjuliwa.

"Hatukatai, shekhe. Lakini tazama mwenyewe. Dada yake mtaalamu, yumo humo ndani na kina mama. Kampima kwa kompyuta. Miezi saba, hata siku moja ya maumivu hamna."

Nilimgeukia Mama. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Umempa wewe?" nikanong'ona.

"Mdogo wako kaniletea, nikampa mjomba wenu. Kwani si kazi yako mwenyewe?"

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto. Mchoro wangu, wenye mishipa ya kubuni, umefanywa cheti cha afya, na jina langu limebandikwa juu yake bila mimi kuulizwa. Niliinuka nikaenda jikoni, ambako binti mwenyewe alikuwa anapanga visheti kwenye sinia, kwa sababu niliona yeye ndiye anayetapeliwa. Nikamwambia harakaharaka kwamba karatasi ile si cheti, kwamba modeli si daktari, na kwamba akapime damu kabla ya lolote, asije akawa naye amebeba ugonjwa huo bila kujua, wakazaa watoto wa kuteseka.

"Nishapima, wifi," akasema. "Sina. Na hiyo karatasi najua ya uongo. Mie nilimwambia asiitoe."

"Uongo kivipi?"

Alifuta mikono, akachukua simu yake, akanionyesha. Kila asubuhi mdogo wangu alikuwa anamwandikia na yeye. Saba. Nne. Nane, leo siendi kazini. Tisa, nimetundikiwa dripu hapa Temeke, dada asijue. Tarehe hiyo niliikumbuka. Mimi nilikuwa nimepata sifuri na alama ya dole gumba.

Watu kudanganya kwenye utafiti ni jambo la kawaida, tunafundishwa tulitegemee. Lakini huyu alikuwa amesema ukweli kila siku bila kukosa, kwa msichana aliyemfahamu mwaka mmoja tu. Uongo aliutenga kwa ajili yangu, mimi niliyembeba mgongoni. Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo linanitia aibu. Nikamwomba binti wa watu anitumie zile namba, zote, pamoja na tarehe zake.

Akaizima simu.

"Hizo kanipa mie, wifi," akasema kwa adabu kabisa. "Muombe mwenyewe."

Posa ilikubaliwa. Vigelegele vikapigwa, na mimi nikapiga, maana ningefanya nini. Jumapili iliyofuata nikaenda Temeke, nikamkuta mdogo wangu anaanika mashati. Macho yake yalikuwa ya manjano, yeyote angeona. Nilimsema mpaka majirani wakachungulia. Nikamwambia amenifanya kichekesho kazini. Nikamwambia wako wagonjwa wenzake watakaopimiwa kwa mishipa ya uongo. Nikamwambia angeweza kufia humo chumbani na mimi nimekaa na sifuri yake mkononi. Alimaliza kubana shati kwenye kamba.

"Unaikumbuka tisa ya kwanza?" akaniuliza. "Ile ya nyumbani."

Nikasema siikumbuki.

"Kompyuta yako ilikuwa imeitabiri. Nilikuandikia kwa shida, mkono hauinuki. Nikakusikia sebuleni unashangilia, imekubali, imekubali. Ukampigia simu mwenzako wa kazini, mkacheka. Mie nasubiri uje na maji."

Nikaikumbuka. Kati ya sebule yetu na chumba chake kuna ukuta wa tofali moja, haufiki hata kwenye bati. Nilikumbuka pia kwamba nilipokata simu nilibeba laptopu nikaenda kazini, na maji alipelekewa na Mama, aliporudi sokoni.