Vyungu vya Bwana Fimbo

Mpaka leo sijathubutu kupita sokoni mchana. Nikipita, wanawake wanaouza samaki hunizungushia viganja kichwani kana kwamba wananifukiza ubani, halafu hucheka mpaka wakashika mbavu, na mimi, ambaye hata kuitikia salamu ya mtu nisiyemzoea kunanitoa jasho, hukata vichochoroni nyuma ya nyumba za mawe mpaka nikafika kwetu. Nimestahili. Aibu hii sikuletewa na mtu, niliitengeneza mwenyewe, na niliitengeneza kwa kufunga mdomo.

Hapa Bagamoyo tuna Mwingereza mmoja mnunuzi wa pembe za ndovu. Jina lake la kwao linatushinda kulitamka, kwa hiyo watu humwita Bwana Fimbo, kwa kuwa ikifika alasiri hutoka na mfuko wa fimbo zenye vichwa vya chuma, huweka chini kijipira cheupe, akakipiga, akakifuata, akakipiga tena, mpaka kikatumbukia shimoni. Basi, ndiyo raha yake. (Mara ya kwanza nilidhani ameagizwa na tabibu.) Uwanja wenyewe uko nyuma ya minazi, na pembeni yake kuna kiwanja kidogo cha kujifunzia kutumbukiza, na hicho ndicho masika yaliyopita yalikichimba mifereji na mbuzi wakamalizia kilichobaki.

Kazi ya kukifufua alipewa baba yangu. Baba alikuwa mnyapara wa misafara, amekwenda bara mpaka Unyanyembe na kurudi mara nyingi, lakini safari ya mwisho alirudi na kidonda cha mguu ambacho mpaka leo hakitaki kufunga. Bwana Fimbo alimwambia mbele yangu, bila kuficha: "Mgeni wangu anakuja kutoka Unguja. Yeye ndiye mwenye mali, mimi namtumikia tu. Akikipenda kiwanja, wewe utakuwa msimamizi, utabaki hapa hapa. Asipokipenda, sina kazi ya kukupa ila msafara." Baba akajibu, "Inshallah, bwana," huku anatabasamu. Tulipofika nyumbani akafungua kitambaa cha mguuni, na mama akageuza uso. Kila mtu mle ndani alijua kwamba mguu ule ukitembea tena kwenda bara, hautarudi, na mwenyewe hatarudi.

Basi tulikitia jembe kiwanja chote, tukafuata ukoka kwenye bonde la Kerege, tukaupanda kichipukizi kimoja kimoja kama watu wanaosuka ukili, tukaumwagilia, tukaviringisha gogo la mnazi juu yake asubuhi na jioni mpaka ardhi ikawa laini kama shavu. Hapo ndipo mguu wa Baba ulipovimba akashindwa kuinuka, na Bwana Fimbo alikuwa keshavuka kwenda Unguja kumchukua mgeni wake, nikabaki mimi kusimamia, mimi na Mabruki, kibarua ambaye mdomo wake haupumziki hata akiwa anakunywa maji.

Shida ilikuwa mashimo. Udongo wetu ni mchanga, ukichimba shimo kingo zinabomoka, ukilichimba upya linakuwa pana kama la kutegea nguruwe. Nikafikiri sana, nikapata akili (hivyo ndivyo nilivyoona wakati ule): nikachukua vyungu vidogo vipya, nikavizika ardhini mpaka mdomoni. Vikakaa barabara. Bwana alikuwa ameagiza kila shimo liwe na kijibendera, nikachana kitambaa cha amerikani nyeupe, na kwa kuwa nyeupe haionekani vizuri juani nikafungia na ukanda mwekundu. Kisha pale ukoka mpya ulipokuwa unaungua nikausimamishia kibanda kidogo cha makuti, kiasi cha kufika kiunoni, upate kivuli.

Kwa mtu wa pwani hii sina haja ya kuendelea. Chungu kilichozikwa, kitambaa cheupe na chekundu juu ya kijiti, kibanda kidogo cha makuti. Mtoto anayejifunza kusema angekwambia hapo pana mzimu. Mimi niliyehitimu msahafu, na sasa nasoma hesabu na maandishi ya Kizungu kwa mapadri, nilisimama, mikono kiunoni, nikaitazama kazi yangu nikasema, pamependeza.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Kirembwe. Huyu ni jirani yetu, ndiye aliyenipokea nilipozaliwa na kunikata kitovu, na mbele yake huwa najiona bado niko uchi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akatazama kibanda, akatazama chungu, akavua viatu. "Kumbe! Mmemjengea pazuri. Nami nasema mbona safari hii mnyapara hajaitwa msafarani. Amekwisha kuombewa."

Hapo, hapo hasa, ndipo nilipotakiwa kusema, Bibi, huu ni mchezo wa Mzungu. Maneno yalikuwapo, nimeyahesabu tangu siku ile, si mengi. Lakini alikuwa amekwisha kupiga magoti, na ningewezaje kumwambia mtu mzima aliyepiga magoti kwamba amepigia magoti mchezo? Akafungua fundo la kisutu chake, akatoa yai, akaliweka chunguni taratibu. "Mjukuu wangu homa haimwachi," akasema. "Mwambie."

Nikaitikia kwa kichwa.

Alipoondoka nilitaka kulitoa lile yai. Naapa nilitaka. Nikainama, mkono ukagoma. Mabruki alikuwa nyuma yangu.

"Litoe basi."

"Litoe wewe."

"Mimi? Wewe ndiye msomi, una kanzu na kitabu. Mimi nina mke mmoja na korodani mbili, sitaki kupungukiwa."

Likabaki. Kesho yake yakawa mayai katika kila chungu, na marashi yamemwagwa juu ya ukoka, na chetezo kinafuka kibandani. Kesho kutwa yake wakaja watu kutoka Mapinga, wamebeba halwa. Vibarua wakakataa kuviringisha gogo karibu na vyungu, wakawa wanavua makubadhi mbali kabisa na kuongea kwa kunong'ona, hata Mabruki (hapo ndipo nilipojua jambo limekuwa zito). Nyumbani Baba ananiuliza kutoka kitandani, "Kiwanja vipi, Shomari?" nami namjibu, "Kizuri, Baba," na kila siku niliyonyamaza iliifanya siku ya kusema kuwa ngumu zaidi. Nikapanga: siku moja kabla ya mgeni kufika, nitavisafisha vyungu vyote alfajiri, watu wakiwa msikitini.

Mgeni akafika kabla ya siku yake.

Nilisikia nikiwa kwa mapadri. Nilikimbia, kanzu nimeipandisha mpaka magotini, nikakuta Bwana Fimbo amekwisha kufika kiwanjani pamoja na mzee mmoja wa Kizungu mwenye masharubu meupe, na Baba ameegemea fimbo pembeni, amejikokota kutoka kitandani ili aonekane kazini, jasho linamtiririka. Mzee yule hakutazama kulia wala kushoto. Aliweka kijipira chini, mbali, akakigusa tu. Kikaenda juu ya ukoka wetu bila kuruka, bila kuyumba, kikafuata mteremko kwa adabu, kikaingia chunguni. Badala ya kulia ko, kililia pwa.

Na hapo, kutoka upande wa minazi, vikasikika vigelegele. Mjukuu wa Bi Kirembwe alikuwa amepona. Bibi alikuwa anakuja kuondoa nadhiri yake, sinia la pilau kichwani mwa binti yake, matari mbele, na nusu ya mtaa nyuma yao.

Mzee wa Kizungu akatia mkono chunguni kuchukua kijipira chake. Akautoa na yai. Akalitazama, akalibana kidogo kujua ni nini, likampasukia. Lilikuwa viza.

Matari yakanyamaza. Harufu ikatufikia sote, na mzee amesimama mkono mbele, ute unamshuka mpaka kwenye mkono wa koti, na Bi Kirembwe amemkazia macho ya mtu aliyemfuma mwizi akila sadaka.

"Hii ni nini?" Bwana Fimbo akamuuliza Baba, uso mwekundu.

Baba akatazama chungu, akatazama kitambaa, akatazama kibanda, kisha akanitazama mimi. Alielewa yote palepale. Nikamwona anajiweka sawa juu ya ule mguu. "Bwana," akaanza, "kosa hili ni langu..."

"Si lake!"

Sauti ilitoka kwangu, nyembamba, imepasuka katikati, na watu wote wakageuka. Nikasema. Nikasema kwa Kiswahili kwa Bwana Fimbo, kwa Kizungu kibovu kwa mgeni, kisha, macho yangu yakitazama vidole vyangu vya miguu, kwa Bi Kirembwe: kwamba hapana mzimu, kwamba chungu ni cha kuzuia mchanga, kwamba ni mchezo, kwamba niliona haya kumwambia.

"Mchezo?" Bi Kirembwe akauliza polepole. "Nimelipigia magoti shimo la mchezo, na wewe umesimama unaniitikia kwa kichwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mtoto kapona?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi wewe hujui ulichojenga." Akaketi kando ya chungu, akakunja miguu. "Teremsheni sinia. Mimi siondoki, na chungu hakiondoki."

Wenzake wakaketi. Kicheko kikaanzia kwa Mabruki, kikaenda mpaka nyuma kabisa kwa watoto, na kila mtu alikuwa ananinyooshea kidole.

Bwana Fimbo alimtazama mgeni. Mgeni alikuwa anapangusa mkono kwa majani, hakucheka, hakukasirika. Akauliza ni nani aliyeotesha majani haya. Bwana akamwonyesha Baba. Mzee akasema kijipira hakijawahi kumwendea sawa namna ile tangu atoke kwao, akamwambia Bwana mtu huyo asipelekwe popote, na kiwanja wawaachie akina mama hawa, kitengenezwe kingine. Nikamtafsiria Baba. Alikaa chini palepale kwenye ukoka, kwa mara ya kwanza bila kuona haya kwamba mguu unamuuma.

Sasa tunapanda kiwanja kipya upande wa pili wa uwanja, Baba anaamrisha akiwa kitini, mimi nachimba. Nimejiapiza kutomwachia mtu mzima aondoke na jambo ambalo najua silo, hata sauti ikinikauka. Akitokea mtu yeyote kwenye minazi, hajafika, hajaniamkia, hajauliza, nampigia kelele kutoka mbali: "Mchezo! Ni mchezo wa Wazungu, jamani, piteni!" Jana alikuwa Bwana Fimbo mwenyewe. Akamuuliza Baba kama mtoto wake ni mzima.